Kibao cha Terazo Chini ya Mtungi

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, birika la umeme na keki, na Injinia Komba akasema kwenye kipaza sauti kwamba mimi ndiye baba wa terazo ya lango la stesheni. Mlipiga makofi. Tumpe naye alipiga makofi, amekaa safu ya nyuma na soda yake, na alipiga kwa nguvu kuliko wengi wenu. Nilitamani sakafu ya ule ukumbi ipasuke inimeze. Kama ningeimwaga mimi, labda ingepasuka kweli.

Baadaye wawili watatu kati yenu mkanifuata mkaniomba niwaandikie mambo ya kazini, ili yasipotee. Haya, nimekaa hapa Ilula, nina daftari na muda mwingi kuliko nilivyozoea. Vyeo nitaviruka, na mshahara hauna hadithi. Nitawaandikia juu ya sakafu, na juu ya wivu, kwa sababu mwiko nilibadilisha mara nyingi lakini wivu nilikuwa nao uleule tangu mwaka wa kwanza.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa hapahapa Ilula. Mama yangu aliuza nyanya barabarani, na mimi nilitaka kazi ambayo mvua ikinyesha unaweza kuingia ndani. Wakanipeleka kwa Mzee Kyando, Mkinga mfupi wa Makete, aliyekuwa akimwaga terazo kwenye bweni la wasichana nje kidogo ya Iringa mjini. Kwa wale mliozaliwa katika enzi ya tailsi: terazo ni sakafu ya saruji iliyochanganywa na chenga za mawe, ikisha kukauka inasuguliwa mpaka mawe yanaonekana na sakafu inateleza kama sahani. Ikimwagwa vizuri inadumu kuliko aliyeimwaga. Mzee Kyando alijifunza akiwa kijana, reli ilipokuwa inajengwa, pale kwenye lango la stesheni ya Mbeya, akiwachanganyia saruji wataalamu wa Kichina. Aliitaja sakafu ile kila siku. Kila tulichokimwaga alikipima kwa lango la stesheni, na kila mara tulikuwa tumepungukiwa kidogo.

Siku ya kwanza hakunipa mwiko. Alinipa konzi ya chenga za mawe, zimejaa vumbi, akasema, "Lamba."

Nikadhani ni uonevu wa kawaida wa mafundi kwa mgeni. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakwambia lamba. Jiwe kavu linakudanganya. Likilowa ndio unaona rangi litakayokuwa nayo ukishalisugua."

Nikalamba, huku nikitema. Akaniuliza nimeona nini, nikasema nimeona mawe. Akanikabidhi ndoo ya maji, na kwa mwezi mzima kazi yangu ikawa kuchota.

Mwezi huo ulipokwisha akaja Tumpe. Alikuwa binti wa upande wa Tukuyu, amekuja Iringa kwa shangazi yake, na alichukuliwa ili achote maji mahali pangu. Mimi nilikwishapanda daraja, nilikuwa naruhusiwa kushika karai. Mzee akampa konzi ileile ya mawe. Tumpe hakuuliza kitu. Aliyapanga kwenye kiganja, akalamba moja moja bila kutema, akasema, "Hii itakuwa ya kijani. Hii nyeusi. Hii itafifia, itupe."

Mzee Kyando akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Sikuwahi kumwona akicheka. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza, na ninaweza kuwaonyesha mahali penyewe, mlango wa pili wa lile bweni, upande wa kushoto.

Wanasema sisi Wahehe tuna hasira za karibu. Laiti ingekuwa hasira, maana hasira inakupata, unapiga kelele, unakunywa maji, imekwisha. Hii yangu ilikuja kimya na ikakaa. Nilianza kuhesabu mara ngapi Mzee amemwita Tumpe kwa jina na mara ngapi ameniita mimi "we kijana." Nilianza kuangalia nani amepewa kona na nani amepewa katikati, kwa kuwa katikati mtu yeyote anaweza, na kona ndizo zinazoonyesha fundi. Tumpe alipewa kona.

Kazi yenyewe ilikuwa ya magoti. Unamwaga tabaka la chini, unapanga vipande vyembamba vya shaba kugawa vyumba, unatandaza mchanganyiko, unanyunyiza chenga juu, unapitisha rola, unasubiri. Halafu unasugua kwa jiwe gumu na maji, unaziba vitundu kwa uji wa saruji, unasubiri tena, unasugua kwa jiwe laini. Nyinyi mna mashine siku hizi, na magoti yenu yatawashukuru. Sisi tulisugua kwa mikono, tumepangana mstari, na Tumpe alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kwaya ya kanisani kwao anaposugua. Wengine walimpenda kwa hilo. Mimi nilihamia mwisho wa mstari.

Tukishamaliza, Mzee alipita akigonga sakafu kwa mpini wa mwiko, ameinamisha kichwa. Mahali palipoachana na tabaka la chini hulia kama debe tupu, lakini kwa mbali sana. Mimi nilijifunza kusikia baada ya miaka minne. Tumpe alisikia wiki ya kwanza, tena akiwa amesimama.

Nitawapa mfano mmoja mjue nilivyokuwa. Tulikwenda Igowole kumwaga sakafu ya kanisa, mwezi wa sita, baridi ya Mufindi ile inayokausha midomo. Kwenye baridi saruji inachelewa kushika. Siku ya kuanza kusugua Tumpe alipiga magoti, akaikwaruza kwa kucha, akasema, "Kaka Festo, tuipe siku mbili tena. Bado changa hii."

Alikuwa sahihi, nami nilijua yu sahihi, maana nilikwishaikwaruza mwenyewe kabla yake. Lakini alikwisha kusema. Kama angesema mtu mwingine, hata mpishi wa usharika, ningesubiri. Nikasema, "Hii sehemu ni yangu," nikashika jiwe, nikaanza. Chenga ziling'oka kama punje kwenye hindi bichi. Nusu ya upande wa wanaume iliharibika, na hadi leo wanaume wa usharika ule wanakanyaga viraka vyangu.

Mzee Kyando hakunifokea. Alinipa brashi na kopo, akaniambia niokote chenga zote zilizong'oka, niziweke kando kwa rangi. Niliokota siku nzima. Tumpe alikuja kunisaidia, nikamwambia aondoke.

Miaka ikaenda. Tulioa na kuolewa, yeye akawa Mama Gwamaka, mimi nikawa Baba Neema, tukawa mafundi wakuu wawili wa mzee mmoja. Kifua cha Mzee kiliharibika kwa vumbi. Hatukuvaa barakoa wakati ule, na nyinyi ambao mnazivaa kidevuni mjue hamjavaa. Akarudi nyumbani kwake Uyole, pale nje ya Mbeya, na siku moja akatuita sote wawili.

Tulimkuta amekaa kitandani, amejifunika koti. Akanipa mimi mwiko wake, ule ambao mpini wake ulikuwa umeliwa na kidole gumba mpaka ukawa na bonde. Nikashukuru. Kisha akatoa chini ya kitanda kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akampa Tumpe. Kilikuwa kibao cha terazo, mraba, upana kama wa sinia dogo. Fundi kabla hajamwaga sakafu anatengeneza kibao kama hicho, wakubwa wakikubali rangi ndipo anaanza. Hiki kilikuwa cha lango la stesheni. Nyuma yake Mzee alikuwa ameandika kwa penseli vipimo vyote, karai ngapi za nini kwa karai ngapi za nini.

Tumpe alikipokea kwa mikono miwili akapiga goti. "Ndaga fijo, baba," akashukuru kwa lugha ya kwao, na machozi yakamtoka.

Mimi nilisimama pale na mwiko wangu. Mwiko ningeweza kununua dukani. Yeye alipewa stesheni. Tuliporudi barabarani Tumpe alisema, "Umepewa mwiko wake, Kaka," na mimi nikasikia dhihaka, nikamjibu kwamba nina haraka. Mzee alifariki kabla ya mavuno.

Sasa nafika kwenye lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Baada ya msiba tulikuwa na kazi mbili, moja Iringa na moja Mbeya, na Tumpe alihamishwa ghafla kwenda Mbeya. Alitangulia, akaniachia sanduku lake la vifaa nimpelekee kwa basi. Nililifungua. Nilijiambia naangalia kama vifaa vimepangwa vizuri. Kibao kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwa kitenge. Nilikitoa, nikajaza pengo kwa vipande vya tofali ili uzito usibadilike, nikafunga sanduku, nikalipeleka stendi.

Tumpe alipopiga simu sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka Festo, wamenifungulia sanduku njiani."

"Wamechukua nini?"

"Kibao cha Mzee. Wameniwekea matofali."

"Makonda hao," nikasema. "Hawana utu."

Alikwenda stendi akamkabili konda mbele ya abiria. Yule konda aliapa kwa mama yake. Nilisikia habari hiyo nikiwa nakula, na niliendelea kula.

Nilikipeleka kibao nyumbani Ilula. Nilidhani nitakuwa nakitazama. Lakini kitu cha wizi hakitazamiki, nikakiweka pembeni jikoni kimelala kifudifudi, na mke wangu, ambaye hapendi kitu kikae bure, akakigeuza akaweka mtungi wa maji ya kunywa juu yake. Akaniuliza kimetoka wapi. Nikasema cha kazini. Mtungi wa udongo hutoa jasho mchana na usiku, kwa hiyo kibao kilikuwa kimelowa siku zote, rangi zake zimekoza, zinapendeza. Nilikuwa nikichota maji nakiona kingo zake. Miaka kumi na tisa nilikunywa maji pale. Na katika miaka yote hiyo, na hata kabla yake, sikuwahi kulitaja jina la Tumpe ndani ya nyumba yangu.

Ndipo ikaja kazi ya stesheni. Wengi wenu mlikuwapo, kwa hiyo nitafupisha. Lango lilikuwa litengenezwe upya: paa jipya la mbele, njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu, maegesho ya magari pale walipokaa wauza ndizi. Terazo ya ukumbi na ngazi ilikuwa imepasuka sehemu nyingi, na mitaro ya nyaya ilikuwa ipite katikati yake. Mkandarasi alitaka kung'oa yote aweke tailsi. Injinia Komba, ambaye bibi yake alimleta pale kupanda treni alipokuwa mdogo, alipigania sakafu ya zamani. Wakakubaliana hivi: tukipata mchanganyiko unaofanana kabisa na wa zamani kabla nguzo za paa hazijasimama, tutaziba na kukarabati. Tukishindwa, sakafu yote inang'olewa.

Foromani wa sakafu nilikuwa mimi. Fundi wa pili, kwa ombi la Injinia mwenyewe, alikuwa Tumpe. Nilipoliona jina lake kwenye orodha niliikunja nikaitia mfukoni.

Alifika na chaki nyekundu. Alivua viatu, akapita ukumbi mzima akigonga, na kila palipolia utupu akachora duara. Injinia alimfuata nyuma akishangaa kama mtoto kwenye sarakasi. Mimi nilipita baadaye na mwiko wa Mzee kuhakiki. Niligonga kila duara nikiomba nikute moja amekosea. Hakukosea hata moja.

Nikatengeneza sampuli ya kwanza, ikatoka ya njano. Ya pili ikatoka kama uji. Ya tatu Injinia aliitazama akasema, "Mzee Festo, hii bado," na akaangalia saa. Nguzo mbili kati ya sita zilikwisha kusimama. Wale jamaa wa tailsi walikwishaleta maboksi ya mfano, wakayapanga ukutani, yanang'aa. Tumpe alikuwa akiziba nyufa upande wa ngazi. Sikumwomba ajaribu. Kazi ya sampuli ilikuwa yangu, kama ile sehemu ya kanisa la Igowole.

Nataka mnielewe hapa. Nilikuwa nayo dawa nyumbani kwangu, imebebeshwa mtungi. Nikiitoa, sakafu ya Mzee inapona na mimi naonekana mwizi. Nikinyamaza, wanaing'oa kwa nyundo za umeme mbele ya macho yangu. Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne nikapata njia ya tatu, na nilijiona mjanja sana: nitanakili vipimo, kibao kibaki kilipo, na sampuli niitoe kama ubunifu wangu.

Jumapili nilikwenda Ilula kwa basi la asubuhi. Mama Neema alikuwa ibadani. Nikashusha mtungi, nikageuza kibao, nikafuta matope. Maandishi ya Mzee yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka: saruji nyeupe tupu, chenga nyeupe za Chunya, nyeusi, na kijani kidogo. Nikaandika kwenye daftari. Nikakigeuza nikautazama uso wake, umelowa, umekoza, ni stesheni ileile. Nikarudisha mtungi, nikarudi Mbeya siku hiyohiyo.

Nilichanganya peke yangu. Chenga nyeupe tulikuwa nazo, zile za mabaki ya wachimbaji wa Chunya, nzuri kabisa. Nilimwaga, nikaifunika magunia mabichi, nikaisubiri ishike, nikaisugua, nikaziba vitundu, nikaisugua tena. Asubuhi ya kuionyesha kulikuwa na ukungu mzito ule wa Mbeya, na manyunyu. Niliiweka sampuli katikati ya lango, ikiwa imelowa, juu ya sakafu ambayo nayo ilikuwa imelowa.

Ilipotea. Ungeweza kuikanyaga usijue. Injinia Komba aliinama, akaipapasa kingo, akanikumbatia pale pale na koti lake la mvua. "Mzee Festo! Hii ndiyo yenyewe!" Wakaitwa mkandarasi na watu wa reli. Mafundi wakaacha kazi wakaja. Tumpe akaja akifuta mikono, akasimama nyuma ya watu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona ananitazama jinsi mimi nilivyozoea kumtazama yeye. Niliona raha. Ilidumu saa moja hivi.

Mkandarasi alichelewa. Alipofika, jua lilikwishatoka na ukungu umeondoka. Tukiwa tumesimama pale tunamweleza, sakafu ikaanza kukauka, na sampuli nayo ikaanza kukauka. Sakafu ilirudi kwenye rangi yake, kijivu cha upole chenye ujani. Sampuli yangu ikawa nyeupe. Ilizidi kuwa nyeupe tukiitazama, mpaka ikawa kama jino la bandia kwenye kinywa cha mzee.

Kila kijana aliyefundishwa na Mzee Kyando alijua kwamba jiwe unalitazama likiwa bichi lakini saruji unaitazama ikiwa kavu. Mimi nilikuwa nimekitazama kibao kikiwa kibichi kwa miaka kumi na tisa.

Nikainua macho nikakutana na ya Tumpe. Alikuwa hatazami uso wangu. Alitazama sampuli, kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona ndugu mahali asipomtegemea. Kisha ndipo akanitazama, na nikajua amejua.

Akapita mbele. "Injinia," akasema, "Fundi Festo amefika karibu sana. Amebakiza kitu kimoja tu. Naomba na mimi nijaribu, mnipe wiki moja."

Mkandarasi aliguna, lakini Injinia akampa. Watu walipotawanyika nilikwenda kunawa kwenye pipa la maji. Tumpe akaja akasimama upande wa pili.

"Hii umekosea palepale alipokosea Mzee," akasema.

Nikaendelea kunawa.

"Kile kibao kilikataliwa, Kaka Festo. Hakuandika nyuma kwamba kimekataliwa, aliniambia kwa mdomo. Alitumia saruji nyeupe tupu, Wachina wakakikataa. Kwenye sakafu wenyewe waliweka kipimo kimoja cha saruji ya kawaida ya kijivu kwa vitatu vya nyeupe. Ndio ule ujani unaouona."

Nilitaka kusema tena habari za makonda. Nikajimwagia maji usoni.

"Siku ukiwa tayari," akasema, "niletee kibao changu." Akaenda zake kuchekecha chenga.

Sampuli yake ilikubaliwa ikiwa kavu, saa sita mchana, jua la utosi. Tailsi zikarudishwa kwenye gari. Tulikarabati lile lango kwa miezi mitano, yeye akimwaga, mimi nikisawazisha na kusugua, na hakunitajia tena jambo lile hata kwa mafumbo. Ningefurahi kama angenitukana. Wakati wa makabidhiano walitaja jina la foromani, kama desturi, na mimi nikasimama nikapunga mkono. Hapo ndipo Injinia alipopata ule ubaba wa terazo aliousema siku ya keki.

Baada ya kuniaga nilikwenda Ilula nikashusha mtungi. Wiki iliyofuata nilirudi Mbeya, nikampigia simu, tukakutana langoni mchana. Alikuwa amekaa ngazi ya tatu, abiria wanampita na mabegi yao. Nilikuwa nimekiweka kibao juani nyumbani siku tatu. Nilikifungua nikakilaza sakafuni baina yetu. Kilikuwa cheupe. Mtoto mdogo angeona kwamba hakifanani.

"Nilikichukua mimi," nikasema. "Yule konda hakuwa na kosa."

"Najua. Tangu ile asubuhi ya ukungu najua." Akakipangusa kwa upande wa kanga. "Kilikuwa wapi siku zote?"

"Chini ya mtungi wa maji."

Akatikisa kichwa. Nikamuuliza lile nililolibeba tangu Uyole, na sauti yangu ilitoka na wivu wake wote, katika uzee huu, mbele ya abiria. "Kwa nini alikupa wewe?"

"Hata mimi nilimuuliza," akasema Tumpe. "Maana siku ile mimi nilitaka mwiko. Iliniuma, wewe. Nilirudi kwake peke yangu nikamuuliza, kwa nini mwiko kwa Festo? Akasema, mkono wa Festo unazidi wako, huo mwiko ni wa kwake. Lakini Festo usimpe kosa, hawezi kukaa nalo nyumba moja."

Treni ya mizigo ilikuwa inapita nyuma ya jengo. Nilisubiri ipite.

"Nimekaa nalo miaka kumi na tisa, Mama Gwamaka."

Akanitazama, halafu akaanza kucheka, kicheko kama kile kilichomfanya Mzee akae juu ya mfuko wa saruji. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba Mzee alimwambia yeye kwamba mkono wangu unazidi, na mimi hakuniambia. Hata sifa yangu alimpa Tumpe aitunze. Yeye alimfunulia mahali alipokosea, na mimi alinificha, kwa sababu alinijua. Hilo ndilo ninaloona wivu nalo sasa, na sidhani litaniachia.

Akafunga kibao kwenye kitenge, akanishika mkono, akaondoka nacho.

Nyinyi mnaobaki kazini, mkipita langoni na mtu akawauliza ile terazo ni ya nani, semeni ni ya Tumpe. Mimi nilisugua. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu na imenichukua siku mbili kuandika sentensi hiyo.

Hapa nyumbani mtungi sasa umekaa juu ya matofali mawili na unayumba kidogo. Jana Mama Neema aliniuliza kile kibao chake kimekwenda wapi.

"Nimekirudisha kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Tumpe," nikasema.

Akaacha kuchambua mchicha. "Tumpe ndiye nani?"

Nikavuta kigoda nikakaa, nikaanza kumweleza, tangu siku ile ya kulamba mawe.